Kiboko Mkononi mwa Adili: Wema na Msamaha katika Riwaya ya Shaaban Robert

Utangulizi

Kuna swali tunalolizoea sote tunaosoma fasihi ya Kiswahili: eleza dhamira ya msamaha katika Adili na Nduguze. Jibu lake nalo tumelizoea. Adili alitendewa ubaya na ndugu zake, yeye akawatendea wema, kwa hiyo Shaaban Robert anatufundisha kusamehe. Mwanafunzi huandika hayo, huongeza methali mbili, "Wema hauozi" na "Damu nzito kuliko maji", kisha hugeukia tamathali za semi. Alama hupatikana na mambo huishia hapo.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba jibu hilo linachanganya mambo mawili. La kwanza ni kumtendea wema mtu aliyekukosea. La pili ni kumsamehe. Pale kosa linapomhusu mtu mmoja tu, mambo haya yanaweza kwenda pamoja bila taabu. Lakini kosa linapoiangukia familia nzima, tofauti yake hujitokeza. Hoja yangu ni hii: wema ni wa yule anayeutoa, na anaweza kuutoa leo bila kumwomba mtu ruhusa. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa, na hakuna mfalme, sheria wala jamaa anayeweza kuutoa kwa niaba yake. Riwaya ya Shaaban Robert inaieleza sehemu ya kwanza kwa ustadi mkubwa. Sehemu ya pili inaipita haraka.

Nimeisoma riwaya hii nikiwa Kampala, na sioni namna ya kuisoma hapa kana kwamba nchi hii haina historia. Kwa hiyo nitaiweka kando ya mambo machache yaliyotokea Uganda, ambayo wasomaji wengi wa makala haya wanayafahamu.

Kisa kwa ufupi

Adili na Nduguze ilichapishwa mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika. Wahakiki wameonyesha kwa muda mrefu kwamba kisa chake kinafanana na hadithi mojawapo ya Alfu Lela Ulela. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu wabaya waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani, nami naona badiliko hilo lina maana. Nyani anamkaribia mtu kwa sura na mikono. Anayempiga nyani hawezi kujidanganya kwa urahisi kwamba anapiga kitu kingine.

Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Mjumbe wa mfalme aitwaye Ikibali anatumwa kwake kwa shughuli ya kodi, na usiku anashuhudia jambo la ajabu: Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, anawachapa manyani wawili kwa kiboko, kisha anawahudumia kwa chakula kama wageni wa heshima. Habari inamfikia Rai. Adili anaitwa pamoja na manyani wake, na anatakiwa aeleze.

Maelezo yake ndiyo sehemu kubwa ya riwaya. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walipofilisika aliwagawia mali yake. Wakiwa safarini, kwa husuda na tamaa juu ya Mwelekevu, walimtupa baharini afe. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, alimwokoa na kuwageuza ndugu wale kuwa manyani, akamlazimisha Adili awapige kila usiku. Rai anapokwisha kusikia anaingilia kati ili adhabu ikome, na Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu wao.

Anayepiga naye amefungwa

Kabla ya kukosoa ni haki kusifu. Nguvu ya riwaya hii, kwa maoni yangu, iko katika ile picha ya usiku. Mwandishi angeweza kuwaadhibu Hasidi na Mwivu mbali na macho ya Adili. Angeweza kuwaacha porini na wenzao wa miti. Badala yake amekiweka kiboko mkononi mwa yule aliyekosewa na kumpangia kazi ya kila usiku.

Tazama linalofuata. Adili hawezi kusafiri akawaacha manyani nyuma. Hawezi kulala kama watu wengine. Siri inamla ndani. Mchana ni liwali anayependwa, usiku ni mchapaji. Kosa lilifanywa siku moja baharini, lakini adhabu yake inafanywa upya kila siku ndani ya nyumba ya mtu asiye na kosa. Hapa Shaaban Robert amesema, bila kuhubiri, jambo ambalo hotuba nyingi za upatanisho hushindwa kulisema: kisasi humfunga anayelipa kama kinavyomfunga anayelipwa. Kamba ni moja.

Na bado Adili anawalisha. Kitendo hiki wanafunzi wengi hukiita msamaha. Mimi nakataa. Wakati anawalisha, adhabu bado inaendelea. Kesho usiku kiboko kitarudi. Hajaifuta hukumu wala hajasema yamekwisha. Anachofanya ni wema mtupu: kumpa chakula mtu ambaye bado ana deni lako. Ndiyo maana naona ukurasa huo una thamani kuliko mwisho wa riwaya. Unaonyesha kwamba wema hauhitaji kusubiri msamaha ukamilike, na kwamba mkono uliopiga unaweza kunyoosha sahani hata kama moyo haujapoa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Adili ana kovu, hajapoa, na analisha.

Manyani hawasemi

Jambo la pili ambalo riwaya inalijua ni kwamba huruma hutanguliwa na ukweli. Rai hakuanza kwa kusamehe. Alianza kwa kuuliza. Adili alisimama mbele ya baraza akaeleza yote, tangu mali ya urithi hadi mawimbi ya bahari, na wakosaji wakiwa papo hapo wanasikia. Hukumu ya huruma ilikuja baada ya hadithi kusikika mpaka mwisho.

Uganda tuna mfano wa mtu aliyeutafuta ukweli kwanza. Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, Eliphaz Laki, aliyekuwa chifu wa kaunti ya Ibanda, alichukuliwa na kuuawa. Mwanawe, Duncan Laki, alikuja kuwa mwanasheria. Karibu miaka 30 baadaye aliifuata namba ya gari la baba yake katika kumbukumbu za serikali, ikamfikisha kwa watu waliohusishwa na mauaji yale. Mifupa ya baba yake ilipatikana ikazikwa nyumbani. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu mjini Kampala, na mmoja wa washtakiwa alikuwa Yusuf Gowon, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Amin. Washtakiwa waliachiwa huru. Mwandishi wa Marekani, Andrew Rice, aliandika kitabu kizima juu ya mkasa huo, akakipa jina linalotokana na methali ya hapa kwetu isemayo kwamba meno huweza kucheka huku moyo ukikumbuka. Katika mkasa huo mtoto hakuanza kwa kuulizwa kama amesamehe. Alianza kwa kuuliza baba yangu yuko wapi. Nadhani mpangilio huo ndio wa Shaaban Robert pia: hadithi kwanza, huruma baadaye.

Lakini hapa ndipo riwaya inapopungua. Barazani kwa Rai anasema mtu mmoja tu. Hasidi na Mwivu ni manyani, na manyani hawasemi. Tunasikia kosa lao kwa kinywa cha waliyemkosea. Kukiri kwao, kama kupo, kumo katika macho na machozi, na macho ya mnyama yanaweza kusomwa vyovyote. Wanarudishiwa ubinadamu kabla hawajatumia ulimi wa binadamu kusema tulikosa.

Linganisha na mato oput, desturi ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda ya kupatanisha koo mbili baada ya mauaji. Upande uliokosea lazima useme. Lazima ukubali kilichotendeka, wazee wasimamie, fidia itolewe, na mwishoni pande mbili zinywe kutoka kibuyu kimoja dawa iliyotiwa mizizi ya mti wa oput, ambayo ni chungu. Uchungu huo wanaunywa wote wawili. Hakuna anayeketi juu akimnyweshea mwingine. Katika riwaya, uchungu wote uko kwa Adili wakati wa kupiga, na kwa manyani wakati wa kupigwa. Hakuna kibuyu cha pamoja. Kwa hiyo upatanisho wa mwisho, pamoja na uzuri wake, unabaki kuwa kitu walichopewa Hasidi na Mwivu, si kitu walichoshiriki kukitengeneza.

Hasidi, Mwivu na mtoto wa msimu wa kumbikumbi

Ububu huo una ndugu yake, nao ni majina. Kila msomaji wa Shaaban Robert anajua kwamba majina yake ni dhamira. Adili ni mwadilifu, Hasidi ni mwenye husuda, Mwivu ni mwenye wivu. Mbinu hii inamsaidia msomaji, hasa msomaji mchanga, ashike mafunzo upesi. Gharama yake ni kwamba kosa linakuwa tabia ya kuzaliwa. Hasidi alihusudu kwa sababu anaitwa Hasidi. Hatuna haja ya kuuliza nini kilimfikisha hapo.

Waliotukosea katika maisha hawaji na majina ya namna hiyo. Dominic Ongwen alikuwa kamanda wa jeshi la waasi wa LRA. Mwezi Februari mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61 ya kivita na ya kinyume cha ubinadamu, na mwezi Mei mwaka huohuo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Katika Kiacholi jina lake lina maana ya aliyezaliwa msimu wa kumbikumbi. Ni jina alilopewa kwa furaha na watu waliokuwa wanatazama kumbikumbi wakiruka baada ya mvua. Yeye mwenyewe alitekwa na waasi akiwa mtoto mdogo, njiani kwenda shule. Majaji waliuona utoto ule ulioibwa na kuuzingatia walipopima adhabu, na bado wakamwona na hatia. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja.

Riwaya ya Shaaban Robert haiwezi kumbeba mtu kama huyu. Katika ulimwengu wake angepaswa kuitwa ama Maskini ama Katili. Hili si kosa dogo la kiufundi, kwa sababu linagusa dhamira yenyewe. Kumtendea wema Hasidi ni kumtendea wema mtu ambaye ubaya wake umeelezwa na jina lake; ukarimu wote unabaki kuwa sifa ya Adili. Kumtendea wema mtoto wa msimu wa kumbikumbi ni kukubali kwamba naye alikuwa na mama aliyemngoja arudi kutoka shule.

Nani ana haki ya kusema yamekwisha?

Sasa nifikie swali langu kuu. Katika riwaya, adhabu inakoma kwa sababu Rai ametaka ikome. Adili anafurahi, lakini uamuzi umeshuka kutoka juu. Aidha, Adili siye pekee aliyeumizwa. Ndugu walipomtupa baharini walimwacha Mwelekevu mikononi mwao. Uzito wote wa simulizi, hata hivyo, unaelemea upande wa Adili. Ni yeye anayepiga, ni yeye anayesimulia, ni wake uchungu unaopimwa mbele ya mfalme. Tunamaliza kitabu tukijua sana kuhusu moyo wa Adili na kidogo sana kuhusu moyo wa mwanamke ambaye tamaa ya ndugu hao ilimwangukia.

Uganda imewahi kuwa na Rai wake. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha Sheria ya Msamaha, ambayo ilimruhusu mwasi aliyeweka silaha chini na kuachana na uasi apewe cheti na asishtakiwe. Zaidi ya watu 20,000 walinufaika na sheria hiyo. Sitaki kuidharau. Wengi wa waliorudi walikuwa watoto waliotekwa, na viongozi wa dini na wa jadi wa kaskazini ndio walioidai kwa nguvu kwa sababu watoto wale walikuwa wao. Sheria iliwafungulia mlango wa kurudi nyumbani. Lakini cheti kilitolewa na ofisi ya serikali, na serikali siyo iliyokatwa midomo. Serikali inaweza kuamua kutoshtaki. Haiwezi kusamehe kwa niaba ya mama aliyepoteza mtoto, kama vile Rai asivyoweza kusamehe kwa niaba ya Mwelekevu.

Kwa nini basi nasema wema unawezekana hata hapo? Kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Lira. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliingia katika shule ya St. Mary's College, Aboke, wakawateka wasichana 139. Mtawa wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini pamoja na mwalimu mmoja, akawasihi, na wasichana 109 wakaachiwa. Walibaki 30. Mmoja wao alikuwa binti wa Angelina Atyam, mkunga.

Wazazi walianza kukutana, kusali na kufunga pamoja. Atyam amesimulia mara nyingi jinsi walivyofika siku moja katika ile sala ya Bwana, pale penye ombi la kusamehewa kama sisi tunavyosamehe, wakashindwa kuendelea. Waliona kwamba wanajiombea hukumu. Kutoka hapo yeye alichukua hatua ambayo ilimshangaza hata mwenzake wa karibu: alimtafuta mama wa yule mwasi aliyekuwa amemshika binti yake, akaenda kwake na kumkumbatia, akimwambia kwamba amemsamehe yeye, mwanawe na ukoo wake. Binti alikuwa bado porini.

Mhakiki mkali atasema: huo ni msamaha kwa niaba ya mwingine, ndicho hasa ulichokikataa. Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na nadhani jibu liko katika mahali alipokwenda. Hakwenda redioni kutangaza kwamba wasichana wa Aboke wamesamehe. Alikwenda kwa mama, akiwa mama. Alichokiachilia ni deni lake mwenyewe, lile la mzazi aliyenyang'anywa mtoto. Deni la binti yake hakuligusa. Hilo lilibaki kwa binti, alilipe au alidai apendavyo siku atakayorudi.

Ushahidi wa hili ni jambo la pili alilofanya. Waasi walimpelekea habari kwamba binti yake ataachiwa, mradi yeye anyamaze, kwa kuwa kelele za chama cha wazazi alichosaidia kukianzisha zilikuwa zimefika mbali. Alikataa. Alitaka watoto wote waachiwe, si wake peke yake. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Haki za Binadamu. Binti yake alirudi mwaka 2004, karibu miaka minane baada ya kutekwa, akiwa mama wa watoto wawili.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Mwanamke huyohuyo aliyemkumbatia mama wa mtekaji ndiye aliyekataa kunyamaza. Wema wake haukuziba mdomo wake. Hapa ndipo namwona amempita Adili. Adili anapotenda wema, anafanya hivyo kwa siri ya usiku, na hadithi yake inatoka kwa sababu Ikibali amechungulia na mfalme ameamuru. Atyam alikuwa mkarimu hadharani na mdai hadharani. Padre Emmanuel Katongole, mwanatheolojia wa Uganda, amemwandikia sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 2011, The Sacrifice of Africa, akimweka kuwa mfano wa siasa ya namna mpya. Mimi nasoma fasihi, sisomi theolojia, kwa hiyo nitasema la kifasihi tu: ni mhusika ambaye Shaaban Robert hakumwandika, na ambaye riwaya ya Kiswahili inamhitaji.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza najua litatoka kwa wahadhiri. Adili na Nduguze ni istiara. Kuilaumu kwa kukosa sauti ya Mwelekevu au historia ya Hasidi ni kuilaumu ngano kwa kuwa ngano. Nakubali nusu. Istiara ina haki ya kurahisisha. Lakini kila kurahisisha ni uchaguzi wa nani aseme na nani awe bubu, na uchaguzi huo unaweza kuhakikiwa. Mwandishi aliyeweza kubadili mbwa kuwa manyani aliweza pia kuwapa manyani sentensi moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: kwamba kutofautisha wema na msamaha ni mchezo wa maneno wa wasomi, na kwamba watu wa kawaida hawaishi hivyo. Kwa hili nitatoa ushahidi wa nyumbani. Mimi ni mjukuu wa watu wa Luweero. Babu yangu alichukuliwa usiku wakati wa vita vya miaka ya 1980, na hakurudi. Waliomchukua waligonga mlango wakisema Kiswahili. Familia nyingi za Buganda zina mlango kama huo katika kumbukumbu zao, na ndiyo sababu mojawapo lugha hii tunayoisoma imechelewa kupendwa hapa, hata baada ya Baraza la Mawaziri kuipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Kijijini kwetu yupo mzee ambaye watu husema ndiye aliyewaonyesha wageni wale nyumba za kwenda. Ni mjane, haoni vizuri. Bibi yangu, jjajja, humpelekea matooke na mchuzi wa karanga kila anapoivisha chakula cha kutosha.

Nilipoanza kuisoma riwaya hii nilimwuliza, "Jjajja, kwa hiyo ulimsamehe?" Alinijibu kwa Kiganda, bila hasira: "Chakula ni changu, nampa. Lakini mume wangu hakuniachia ruhusa ya kusema kwa niaba yake." Akaendelea kumenya. Bibi hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Tofauti ninayoitetea katika kurasa hizi hakuijifunza kwa msomi yeyote.

Hitimisho

Nikirudi kwenye lile swali la mtihani, napendekeza tulijibu kwa namna nyingine. Dhamira kuu ya Adili na Nduguze si kwamba tusamehe. Ni kwamba kiboko kinamchosha aliyekishika, na kwamba hata kabla hakijawekwa chini, sahani ya chakula inaweza kwenda kwa aliyekosea. Hilo Shaaban Robert alilijua mwaka 1952, na Uganda imelithibitisha kwa gharama kubwa baada yake.

Tunapaswa pia kusema bila woga pale riwaya isipofika. Inawaacha wakosaji bila ulimi, inawapa majina yanayofunga maswali, na inamwachia mfalme kazi ambayo si yake. Udhaifu huu una madhara nje ya darasa. Jamii iliyozoea kusoma mwisho wa riwaya hii kama kielelezo inaweza kudhani kwamba mkubwa akishatamka huruma, kila aliyeumia anapaswa kukunjua uso. Mwezi Februari mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamua kwamba waathirika wa Ongwen walipwe fidia ya zaidi ya euro milioni 52, ikiwemo euro 750 za ishara kwa kila mmoja. Fedha hizo haziwezi kununua msamaha, na mahakama haikudai hivyo. Lakini zinakiri kwamba deni lipo, na kwamba anayelidai si adui wa amani.

Naomba wenzangu wanaofanya utafiti wa fasihi ya Uganda kwa Kiswahili wachukue kazi hii mbele. Tunahitaji hadithi ambamo nyani anarudishiwa ulimi kwanza, anasema alichotenda, kisha ndipo baraza linaanza kuzungumza juu ya huruma. Na tunahitaji Mwelekevu aitwe barazani, aulizwe yeye anasemaje, na apewe muda wote anaouhitaji kujibu.